Matuta ya Mama Pacha Yaenda Kuota Jua

Hivi wewe umewahi kulivika tuta la kabichi? Sisemi kulimwagilia wala kulipalilia. Kulivika, kama unavyomvika mtoto mchanga asubuhi ya baridi: unaanza na kitu laini kinachogusa mwili, juu yake unaweka kizito, halafu unabana pembeni ili upepo usipate pa kupenya. Kama hujawahi, usione haya, wengi hawajawahi. Mama Pacha aliifanya kazi hiyo kila mwaka baridi ilipoanza kuuma, kwa mikono yake miwili na beseni la bati lililotoboka upande mmoja.

Alianza na samadi. Aliifukia chini ya udongo, kina cha kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na ilitakiwa iwe samadi iliyoanza kuiva lakini haijamaliza, maana inayoiva ndiyo inayotoa joto. Ukichomeka kidole unahisi kama umekitia kwenye uji uliopashwa. Ile mbichi kabisa huunguza mizizi, na ile iliyokwisha kuiva ni chakula tu, haina joto tena. Juu ya udongo alitandaza nyasi kavu, alizozianika kwanza juu ya paa la jiko, kwa sababu nyasi yenye maji ni sawa na kumlaza mtu kwenye shuka iliyoloa. Miche midogo aliifunika kwa vikapu vikuukuu vilivyogeuzwa, na asubuhi akaifunua ipate hewa. Upande wa upepo alisimamisha mabua ya mahindi, akayafunga kwa kamba za magome. Na kando ya kila shina aliweka jiwe jeusi la mtoni. Jiwe jeusi hunywa jua mchana kutwa, jioni likaanza kulitoa kidogo kidogo, kama mtu mchoyo aliyebanwa.

Sasa hayo mawe ndiyo yaliyomsumbua, kwa sababu hayakuwa na jua la kunywa.

Jua lilizuiwa na ukuta, na ukuta ulijengwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Watu walimwita Dereva, ingawa lori lake lilikuwa limekaa bila injini muda mrefu kiasi kwamba kuku walitagia kwenye kiti cha utingo. Zamani kiwanja cha Mama Pacha kilikuwa kipana, na matuta yake yote yalilala upande ule wa jua. Mwaka uliofuata mazishi, Dereva alikuja na uzi na vigingi, akasema yeye na marehemu kaka yake walikwisha kukubaliana kwa mdomo kwamba upande ule ni wake. Walikubaliana wakiwa chini ya lori, wakilitengeneza. Shahidi hakuwepo, ila lori.

Mwenyekiti wa mtaa aliitwa. Alikunywa chai, akasema mambo ya familia humalizwa na familia. Mama Pacha alisema, "Haya, shemeji." Aliomba tu apewe nafasi ahamishe udongo wake, kwa kuwa udongo ule yeye na mume wake walikuwa wameulisha na kuulainisha tangu walipooana, ukawa mweusi na laini kama unga wa kahawa. Akauhamisha kwa beseni, tuta moja baada ya jingine, akayajenga upya nyuma ya jiko. Kisha ukuta ukapanda, mrefu kumzidi mtu aliyeinua mkono, na wakati wa baridi kivuli chake kikawa kinalala juu ya mboga mpaka sufuria ya chakula cha mchana ipande motoni. Upande wa pili, kwenye jua, Dereva aliweka viti viwili vya plastiki, akawa anakaa kwenye kimoja na kuegesha miguu kwenye kingine.

Baridi ya mwaka uliopita ilikuwa imeua kila kitu. Jalidi ilishuka, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi, na kwa sababu ya kivuli haikuyeyuka mpaka adhuhuri. Kabichi ziligeuka uji mweusi. Meza ya Mama Pacha pale sokoni ilikaa tupu, na wateja wakazoea meza ya mwingine. Mwaka huu zikifa tena, basi. Ingembidi aiachie meza, aende kukaa na mmoja wa mapacha wake, huko mbali, katika chumba kisicho na hata kiasi cha udongo wa kujaza kikombe. Na mama mkwe wake, bibi mzee aliyekaa naye na kumenya njegere mlangoni pa jiko, ingebidi ahamie kwa Dereva, ambaye alikuwa mtoto wake wa kiume pekee aliyebaki. Mama mkwe na mke wa Dereva hawakuweza kukaa jiko moja. Walijaribu mara moja, likavunjika sinia.

Zaidi ya mara moja Mama Pacha aliondoka nyumbani akiwa amepiga moyo konde kwenda kumwambia Dereva yaliyomo rohoni mwake. Alijifunga kitenge vizuri, akayapanga maneno njiani, la kwanza likafuatwa na la pili. Akifika mlangoni maneno yote yanatawanyika. Siku moja alimpa karoti akarudi. Siku nyingine alimuuliza kama kikohozi kimepungua, na Dereva hakuwa na kikohozi.

"Umemwambia?" mama mkwe alimuuliza siku ile ya kikohozi.

"Nimwambie nini, mama?"

"Sijui. Ulivyotoka umejifunga kama unakwenda mahakamani."

"Nilikwenda kuwasalimia tu."

Mama mkwe aliendelea kumenya njegere. Na yeye alikuwa na lake, ila aliyekufa alikuwa mwanawe na aliyejenga ukuta alikuwa mwanawe, na mtu ana mdomo mmoja tu.

Basi, mwanzoni mwa baridi akapita Mkata Manyoya, yule anayezunguka na mikasi yake mikubwa kunyoa kondoo wa watu. Alikuwa amebeba viroba vya sufu ya tumboni. Sufu ya mgongoni huchukuliwa na kiwanda, lakini ya tumboni ina miiba, mavi na nyasi, kiwanda hakiitaki.

"Chukua, Mama Pacha," alisema, akivitua viroba mlangoni. "Hakuna kinachoshika joto kama hii. Maji inayaachia, upepo inauzuia. Lakini uifue kwanza."

"Kwa nini niifue? Mavi si mbolea?"

"Mavi sawa. Lakini sufu isiyofuliwa bado ina mawazo ya kondoo."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Alikusudia kweli kuifua. Lakini asubuhi ile maji ya pipa yalikuwa na ngozi ya barafu juu, vidole vyake vilikuwa vinauma kwenye maungio, na jalidi ilikuwa inakuja, mtu anaisikia puani. Akasema moyoni, mawazo ya kondoo ni mawazo gani? Kula na kulala. Akaitandaza vile vile, juu ya nyasi, unene wa mto wa kulalia, akaipenyeza kati ya mashina kwa vidole, akaibana pembeni kwa mawe. Alipomaliza, matuta yake matano yalikuwa yamelala nyuma ya jiko, meupe machafu, ya kabichi, ya karoti, ya spinachi, ya njegere na ya vitunguu.

Asubuhi iliyofuata yalikuwa yanapumua.

Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza, maana yeye hutangulia kuamka. "Kabichi zinahema," alisema.

Mama Pacha alisimama na kikombe chake akatazama. Tuta la kabichi lilipanda na kushuka polepole, mvuke ukatoka katikati ya majani. La vitunguu lilihema kwa haraka zaidi. "Ni kweli," alisema. "Samadi imekubali."

Akachomeka kidole. Chini kulikuwa na joto kama kwapani.

Sufu ikaanza kuota. Ilifunika mawe, ikafunika vijia, ikabidi Mama Pacha aitenganishe kwa mikono ili apate pa kukanyaga. Jalidi ilishuka na haikuua hata jani moja. Lakini ilipofika asubuhi, kivuli cha ukuta kilipolala juu yake, matuta yalitetemeka, yakajikunyata, yakasogeleana. Mama Pacha aliyahurumia. Akayapiga piga mgongoni, akayaambia jua linakuja mchana, akaingia jikoni kukoroga uji. Alipotoka na mwiko mkononi, nyuma ya jiko kulikuwa na ardhi tupu.

"Yametoka kwa geti," mama mkwe alisema. "La vitunguu limelisukuma."

Haikuwa vigumu kuyafuata. Yalikwenda kwa tumbo, kama kondoo aliyelala anayejisogeza, na yaliacha mchirizi wa udongo mweusi barabarani. Fundi viatu wa kwenye kona alikuwa amenyanyua kibao chake ili yapite.

"Yamekatia kushoto," alimwambia. "La vitunguu liko mbele, la kabichi limebaki nyuma, zito hilo. Nimeyasalimia hayakuitika."

"Yasamehe, fundi. Ni mageni barabarani."

Kushoto kulikuwa na geti la Dereva, nalo lilikuwa wazi kwa sababu mke wake alikuwa anafagia. Huyo watu humwita Bibi Harusi mpaka leo, kwa vile hakupenda kuzeeka. Alikuwa amesimama na fagio, kajishika kiuno.

"Mama Pacha, mimi nimefagia uwanja huu sasa hivi!"

"Samahani, mdogo wangu. Nitaufagia tena."

"Na huu udongo wote?"

Matuta yalikuwa yamelala kwenye jua, upande wa pili wa ukuta. La kabichi lilikuwa karibu na bomba. Pembeni yake la karoti, kisha la spinachi, kisha la njegere, na kati yao kulikuwa na vijia vilivyonyooka, upana wa mtu aliyebeba ndoo. Mama Pacha aliangalia vijia vile na miguu yake ikavikumbuka. Kila tuta lilikuwa limelala pale pale lilipokuwa likilala wakati wa uhai wa mume wake, wala halikukosea hata shubiri. Ni la vitunguu tu lililokosa pa kulala. Mahali pake palikuwa chini ya ukuta. Lilikuwa limeegemea matofali na kujikuna, na plasta ilikuwa inadondoka.

Dereva aliketi kwenye kiti chake, chai mkononi. "Shemeji, karibu. Mboga zako hizi?"

"Zangu, shemeji."

"Hamna neno. Ila hili moja linanikuna ukuta."

Maneno yalimpanda Mama Pacha mpaka kooni. Aliyasikia kabisa yakisimama pale kwenye foleni. Akafungua mdomo. "Bibi Harusi," alisema, "hiyo rangi ya kitenge imekupendeza."

Akayaswaga matuta kwa mwiko mpaka nyumbani.

Kesho yake yakaenda tena. Alilifunga geti kwa kamba, tuta la kabichi likaliegemea, halikufanya kitu kingine, liliegemea tu, mpaka bawaba zikatoka. Aliagiza Mkata Manyoya aitwe. Akaja, akainama, akapitisha mikono ndani ya sufu ya spinachi, akanusa vidole.

"Hukufua."

"Maji yalikuwa na barafu."

"Nilikwambia ufue."

"Ulisema mawazo. Hukusema safari!"

"Kondoo akiwa na baridi atawaza nini, Mama Pacha? Atawaza jua."

"Lakini mbona yanakwenda kulala pale pale?"

Mkata Manyoya alifuta mikono kwenye suruali. "Hilo si la sufu," alisema. "Sufu inayapa miguu. Pa kwenda unapajua udongo wenyewe."

Alisema zaidi kwamba huwezi kufua sasa, karoti zikiwa ndani, na kwamba joto likirudi ayanyoe, yatatulia. Akala bakuli la njegere akaenda zake.

Kwa hiyo Mama Pacha akawa mchungaji. Alichonga fimbo, akavaa soksi mbili mbili, na kila asubuhi baada ya uji aliyatoa. Aliyapanga, la kabichi mbele ili mengine yasikimbie, la vitunguu nyuma chini ya jicho lake. La karoti liliogopa mbwa, likahitaji kusindikizwa karibu na nyumba ya fundi viatu. Watu wa mtaa waliyazoea upesi. Wenye haraka walisema, "Mama, tupishe," wasio na haraka walichuma jani la spinachi wakalipia pale pale. Nazo mboga, nikueleze, zilinona. Kabichi zilifumba mpaka kisu kinalia. Meza ya sokoni ilijaa, na wale wateja waliozoea meza nyingine wakaanza kupita karibu, kwanza kwa aibu, kisha na vikapu.

Kule uwanjani kwa Dereva ilimbidi akae mpaka mchana, na mtu hawezi kusimama mpaka mchana. Dereva akashusha miguu kwenye kiti cha pili, akakifuta kwa kiganja. "Kaa, shemeji."

Akakaa. Ndivyo ilivyoanza. Wawili hao hawakuwahi kukaa pamoja tangu mazishi, na sasa walikaa kila asubuhi wakiota jua na matuta miguuni pao. Dereva aliyapenda kuliko alivyotegemea. Aliingiza vidole vyake baridi ndani ya sufu na kufumba macho. La kabichi alilipa jina la Tela, na la vitunguu akaliita Breki, kwa sababu halikuwa nazo.

"Kaka angecheka," alisema siku moja.

"Angecheka sana."

"Unakumbuka alivyokuwa anacheka? Anapiga goti."

"Alilipiga mpaka suruali ikachanika. Nilishona mimi."

Walicheka wote wawili. Halafu Dereva akatazama ukuta, Mama Pacha naye akautazama, na tuta la vitunguu likajikuna, kipande cha plasta kikaanguka. Dereva alikohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Nitaleta saruji kesho nizibe," alisema.

"Haya, shemeji."

Wa kulalamika wakapatikana, kama kawaida. Bibi Harusi alichoka na udongo, na dereva wa basi dogo alisema haiwezekani akasubiri vitunguu vivuke. Mwenyekiti wa mtaa akaja, kavaa koti lake la vikao, wakakaa uwanjani kwa Dereva. Mama mkwe naye aliletwa, akawekwa juani na shali yake.

"Swali la kwanza," Mwenyekiti alisema. "Hii ni mifugo au ni bustani? Kama ni mifugo, imeingia uwanja wa mtu. Kama ni bustani, haiwezi kuingia popote."

"Ni bustani iliyovaa," alisema Mama Pacha.

"Inakula?"

"Inakula samadi."

"Inalia?"

"Haijawahi."

Mwenyekiti alifikiri. Aliinuka ili aone kwa karibu, akashika kijia kilichokuwa kati ya spinachi na njegere, mikono nyuma, akitembea bila kuangalia chini, kama mtu anayetembea njia aliyoizoea. Na kweli aliizoea. Zamani alikuwa akipita hapo kuja kununua mboga kwa marehemu. Alikwenda hivyo hivyo mpaka akajigonga paji la uso kwenye ukuta.

"Njia hii," alisema, akijipapasa, "ilikuwa inakwenda wapi?"

"Jikoni kwangu," Mama Pacha alijibu.

Kila mtu pale aliyaona matuta, akaviona vijia, akaliona tuta la vitunguu limejibana kwenye matofali kama mtoto aliyefungiwa nje. Mtu asiyejua kusoma angeusoma uwanja ule. Mwenyekiti alirudi akaketi, akachukua kikombe chake.

"Hii chai," alisema, "ina tangawizi?"

"Kidogo," alijibu Bibi Harusi.

"Nzuri."

Uamuzi ulikuwa kwamba matuta yasipite tena barabarani, na kwamba Dereva, kwa moyo wake mwema, atoboe mlango mdogo ukutani yapite humo. Dereva alikubali kwa furaha. Alikuwa amekwisha kuogopa kwamba yatakatazwa kuja.

Fundi alitoboa, akaweka mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, na kitasa upande wa Dereva. Kufuli ilinunuliwa mpya. Ufunguo Dereva aliutia kwenye uzi akauvaa shingoni.

Siku ya kuufungua mlango watu walikuja, wengine kwa sababu ya matuta na wengine kwa sababu walisikia kuna chai. Fundi viatu alifunga kibanda. Mkata Manyoya alikuja na mikasi yake ili aonekane ana kazi. Bibi Harusi alikuwa amemwagilia uwanja na kuufagia mpaka ukawa na mistari. Mama mkwe alikalishwa mbele. Mama Pacha alisimama upande wake wa ukuta, na fimbo, akisikiliza kufuli ikifunguliwa ng'ambo.

Mlango ukafunguka. Jua likaingia nyuma ya jiko, kipande chembamba, ukubwa wa mkeka. Yalipita moja moja, la kabichi likikwaruza pande zote mbili, watu wakapiga makofi. Yakashika nafasi zake. La mwisho likawa la vitunguu. Liliingia mlangoni, likafika katikati, likasimama. Likajizungusha mara moja, kama mbwa anayetafuta ubavu wa kulalia, likalala. Likashusha pumzi ndefu, nusu kwenye jua, nusu kwenye kivuli, kizingiti chote kikiwa chini ya tumbo lake.

"Lisukume, shemeji," alisema Dereva.

Mama Pacha alilisukuma. Fundi viatu akasaidia, na Mkata Manyoya. Halikusukumika. Hapo ndipo pahali pake palipokuwa, na tangu siku hiyo mlango ule haukuwahi kufungwa tena, na watu wakazoea kuruka vitunguu wakitaka kupita.

Dereva aliutazama ufunguo wake, akaurudisha ndani ya shati, akaamua asikasirike siku ya sherehe. Akasimama kutoa hotuba. Alisema undugu ni jambo kubwa. Alisema yeye si mtu wa kinyongo, na kwamba mtu akiwa na ukuta wake na bado akautoboa kwa ajili ya jirani, huyo ni mtu wa namna gani, watu wajijibu wenyewe. Mwenyekiti alipiga makofi. Bibi Harusi alipiga kigelegele kifupi. Dereva aligeuka, uso umejaa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, hakuwa mtu mbaya wa makusudi.

"Haya, shemeji," alisema. "Mbele ya watu wote hawa. Jua umepata, mlango umepata, chai ipo. Kuna kingine unachotaka? Sema mwenyewe."

Ilikuwa kauli ya heshima tu, ya kufungia hotuba. Kila mtu alijua jibu lake, na wengine walikwisha kunyoosha mikono kwenye vikombe. Mama Pacha aliruka tuta la vitunguu akaingia upande wa jua. Akavuta pumzi. Alimtazama Bibi Harusi, na kitenge chake kilikuwa kizuri kweli siku hiyo, sifa zikaja mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Mjibu, mwanangu," alisema mama mkwe kutoka kitini kwake. Hakumtazama Dereva, alitazama mikono yake mwenyewe iliyotulia mapajani. "Amekuuliza."

Ukuta ule uko pale mpaka leo, usije ukadhani ulivunjwa. Umepakwa hata rangi. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, viti vya plastiki bado viwili, na kila baridi matuta mengine hulivuka la vitunguu kwenda kuota jua kwenye uwanja wa Dereva, na jioni hurudi. Lakini siku hiyo, mbele ya mtaa mzima, Mama Pacha aliiegemeza fimbo yake kwenye tuta la kabichi, akaikunja mikono, na sauti yake ilitoka pole, ya kila siku, kama ya mtu anayetaja bei ya fungu la karoti.

"Ndiyo, kipo," alisema. "Nataka kiwanja changu, shemeji. Chote, kuanzia pale bombani mpaka hapo ulipoweka kiti."